Maji Tumboni mwa Mlango

Ukitaka kujua gari la zamani limechoka kiasi gani, usikimbilie injini. Injini hufunguliwa, ikatiwa ringi mpya, ikaunguruma tena. Wewe inama, tazama chini kabisa ya mlango. Kutu ya pale huanzia ndani na huioni, mpaka siku rangi inapovimba kama lengelenge. Chanzo chake kiko juu, kwenye ule utepe wa mpira unaolamba kioo kila kinaposhushwa. Utepe ukishakauka na kupasuka, maji ya mvua huteremka na kioo hadi tumboni mwa mlango, yakajikalia humo.

Nachukua mfano wa Peugeot 404, lile Pijo la wazee wetu, lililotoka mwaka 1960. Mwaka 1963 magari 84 yalianza mbio za East African Safari, yakamaliza 7 tu, na lililoshinda lilikuwa 404. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland na Chris Rothwell, wakazi wa Tanzania, wakashinda nalo mfululizo. Mwaka 1968 likashinda tena. Mbio zile zilikuwa za Pasaka, yaani masika, matope mpaka kwenye madirisha. Wasimuliaji wote wanasifu injini na springi. Mpira wa kioo nani ausifu?

Na kioo chenyewe cha kupanda na kushuka hakikuwepo tangu enzi. Magari ya mwanzo yalikuwa wazi, tajiri alikula vumbi sawasawa na mpanda punda. Hata mwaka 1919 mengi ya magari ya Marekani yalikuwa bado wazi. Miaka kumi baadaye mengi yalikuwa yamefungwa pande zote. Hapo ndipo shida ikazaliwa: kioo lazima kiteleze, na papo hapo kizuie maji. Bati gumu na kioo kigumu havishikani bila kuacha mwanya. Kati yao panatakiwa kitu laini, ukikibonyeza kinarudi.

Kitu hicho ni mpira, na hebu tusimame kidogo kwenye neno hili. Kwetu mpira ni ule wa Simba na Yanga, ni bomba la kumwagilia bustani, ni huo utepe wa mlangoni. Zamani ulikuwa pia mmea wa msituni, wenye kutambaa juu ya miti na kutoa utomvu mweupe. Nyuma ya Kilwa na Lindi watu waliukata magome, wakaviringa utomvu kuwa madonge, wakayashusha pwani kuuza. Mmea mmoja wa jamii hiyo wataalamu wameuita Landolphia kirkii, kwa jina la John Kirk, balozi wa Uingereza pale Unguja.

Utomvu mtupu una kasoro: juani unanata, kwenye baridi unakakamaa. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukichanganywa na salfa na kupashwa moto, unatulia. Alipata hataza mwaka 1844, akafa mwaka 1860 akiwa na madeni. Waliotajirika ni wengine.

Waliolipa nao ni wengine. Baada ya Dunlop kuleta tairi la upepo mwaka 1888, dunia ilishikwa na kiu ya mpira. Katika Kongo ya Mfalme Leopold II, kuanzia 1885 hadi 1908, vijiji vilipangiwa kiasi cha kuleta, na walioshindwa waliuawa, wengine wakakatwa mikono. Kuna picha aliyoipiga Alice Seeley Harris mwaka 1904: baba mmoja, Nsala, ameketi kibarazani, mbele yake mkono na mguu wa binti yake wa miaka mitano. Sisemi kwamba utepe wa 404 ulitoka Kongo ile. Lakini siwezi kuandika habari za mpira nikairuka picha hiyo.

Kwetu, Wajerumani walipanda mipira ya aina nyingine, ndugu yake muhogo, sehemu za Muheza. Mwaka 1913 bei ikaporomoka, kwa sababu ya mashamba ya Malaya yaliyotokana na mbegu alizozitoa Henry Wickham Brazil mwaka 1876. Mashamba ya Muheza yakawa vichaka. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Malaya, Waingereza wakaikumbuka ile mipira iliyotupwa, wakawapeleka watu kwa lazima kuigema. Vita ikaisha, vichaka vikarudi. Na 404 ilipokuja, ilikuja na mipira yake kutoka Ulaya.

Mipira ya zama zile haikuwa na maisha marefu. Jua na ozoni ya hewani huichanachana taratibu hata gari likiwa limeegeshwa tu. Mpira uitwao EPDM, ulioingia sokoni miaka ya 1960, unavumilia zaidi, na huo ndio wa kutafuta. Kwenye gereji bubu utapata dawa mbili za haraka. Moja ni kukata tyubu na kuibandika. Tyubu haina manyoya ya kutelezesha, hukikaba kioo mpaka mashine ya kukipandishia inakatika meno. Nyingine ni silikoni, na ile inayonuka siki hula bati. Fundi simlaumu, mteja kaja na hela ya mchana mmoja.

Kazi yenyewe inataka subira kuliko nguvu. Toa mkono wa kushushia kioo, toa ubao wa ndani wa mlango, shusha kioo chote. Ng'oa mpira wa zamani, kwangua gundi yote, piga msasa penye kutu na upake rangi ya kuzuia kutu. Ukifunika kutu na mpira mpya umeilea. Kisha ingiza mpira ukianzia kona, ukiusukuma. Usiuvute! Ukivutwa leo, baada ya wiki chache unajirudi na kuacha pengo konani. Ukigoma, tumia maji ya sabuni. Grisi na oili hapana, huuvimbisha.

Hata ukiwa mpya, mpira hupitisha matone, na waundaji walilijua hilo: chini ya mlango waliweka matundu. Yazibue kwa waya, maana vumbi la miaka mingi limeyaziba. Halafu pandisha kioo, fungua mpira wa maji, mwagia, uchuchumae kutazama. Maji yakichuruzika chini ya mlango na kapeti ikabaki kavu, rudisha ubao.