Njia ya Manguredjipa

Ukitoka uwanja wa ndege wa Rughenda ukataka kufika Manguredjipa, unaikata Butembo kuelekea magharibi, unapita Njiapanda, ndipo msitu wa Bapere unakupokea. Mimi naifuata kwa ramani tu. Tangu 2024 waasi wa ADF wameua watu wengi huko, na waliokimbia wamejaa kwa ndugu zao hapa Butembo.

Ni njia ya madini tangu mwanzo. MGL, kampuni ya kundi la Baron Empain, yule yule wa treni za chini ya ardhi za Paris, ilichimba dhahabu Manguredjipa, na Butembo ilikua kama kituo chake. Wanande, wenyeji wa hapa, wakalisha kambi kwa maharage na mboga, wakajifunza biashara humo humo. Mwaka 1976 MGL ikamezwa na kampuni ya SOMINKI.

Mwaka 2000 ikawa zamu ya koltani, mawe yanayotoa tantali. Viwanda vya simu na michezo ya video vilikuwa na njaa ya tantali; bei ikaruka mara kadhaa kwa miezi michache, vijana wakatupa majembe ya shamba wakachukua ya mgodini. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Aliyekuwa na gunia mgongoni akabaki nalo.

Julai 2010 Marekani ikapitisha sheria ya Dodd-Frank, ikizitaka kampuni zieleze kama madini yao yanatoka Kongo au kwa majirani zake. Huku tuliiita Sheria ya Obama. Septemba Rais Kabila akafunga machimbo ya Kivu zote mbili na Maniema. Yalifunguliwa Machi 2011, lakini wanunuzi wengi walikwisha kwenda zao: kukimbia ni rahisi kuliko kukagua.

Desemba 2024 Kongo ikayashitaki matawi ya Apple huko Paris na Brussels kwa madini ya wizi. Apple ikakana, ikasema imekwisha kuwaagiza wauzaji wake wasinunue tena tantali, bati, wolframi wala dhahabu ya Kongo na Rwanda. Jibu hilo tunalifahamu, ni la 2010. Serikali inashitaki, kampuni inajitetea kwa kuondoka, na mchimbaji wa Bapere, mwenye shimo, hayumo katika faili ya yeyote.

Pale barabara inapotokea mjini, vijana wa pikipiki wanasubiri abiria. Kila mmoja ameinamia simu yake, anauliza kama Njiapanda imelala salama.