Mkali Asiye na Sura: Albamu ya Kwanza ya Burial

Msanii wa siku hizi akitaka kuachia albamu, kazi inaanza na kiki. Picha za studio, bifu la kupangwa, penzi jipya Instagram, halafu ndo ngoma zenyewe zifuate. Mei 2006, jijini London, jamaa mmoja alipita njia nyingine kabisa. Aliachia albamu yake ya kwanza bila kuonyesha sura, bila shoo hata moja, bila jina lake halisi. Alijiita Burial, na albamu nayo ikaitwa hivyohivyo.

Jamaa alitokea London ya kusini, kitaa kilekile kilichozaa dabstepu, muziki wa besi nzito uliopigwa klabu usiku. Lebo yake ilikuwa Hyperdub ya Kode9, na hiyo ndiyo ilikuwa albamu ya kwanza ya lebo hiyo. Vifaa vya kutisha hakuwa navyo. Katika mahojiano machache aliyotoa, alieleza kwamba alitumia Sound Forge, programu ya kawaida ya kuhariri sauti, akipanga midundo kwa kutazama mawimbi kwenye skrini. Ndiyo maana ngoma zake haziendi kama saa. Zinayumba kidogo, kama mtu anayetembea amechoka. Juu yake kuna mvua, mikwaruzo ya santuri za zamani na sauti za waimbaji zilizokatwakatwa.

Wahakiki hawakuwa na sura ya kusifia wala skendo ya kuandika. Walibaki na masikio yao tu. Wakaisikia London ya usiku wa manane: basi la mwisho, barabara tupu, mtu anayerudi kwao peke yake klabu ikishafungwa. Mwisho wa mwaka jarida la The Wire likaitaja albamu bora ya 2006.

Sifa zikaleta balaa. Albamu ya pili, Untrue, ilitoka 2007, na mwaka uliofuata ikaingia kwenye kinyang'anyiro cha Mercury Prize. Hapo magazeti ya udaku yakaanza msako. Wengine wakadai ni Aphex Twin kajificha, wengine wakasema ni Fatboy Slim. Agosti 2008 mwenyewe akachoka, akaweka picha na jina lake MySpace, akaeleza kwamba yeye ni mtu wa kimyakimya anayetaka tu kutengeneza ngoma.

Tuzo ikaenda kwa bendi ya Elbow. Na ile siri kubwa? Kumbe alikuwa kijana wa kawaida tu wa London ya kusini, hakuna staa yeyote nyuma ya pazia. Waliokuwa wakisaka sura wakahamia habari nyingine. Waliokuwa wakisikiliza wakaendelea kusikiliza, kwa sababu cha muhimu walikuwa nacho tangu 2006.