Maneno ya Mmoja, Koo la Mwingine

Uwanda wa juu wa Ufipa umekaa kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na jioni zake ni za baridi. Mwaka 1962 alifika huko mtafiti Mwingereza, Roy Willis, aliyekuwa mwandishi wa habari kabla ya kugeukia masomo ya mila na jamii. Aliwakuta watu wanaoyaheshimu mazungumzo: maamkizi hayakatizwi, na mgeni husikilizwa hadi amalize. Mwaka 1978 alitoa kitabu kizima juu ya sanaa ya kusema ya Wafipa. Hadithi za huko, kama za majirani wao wengi, zina mahali pa kusema na mahali pa kuimba. Msimulizi huongea peke yake, akifika penye wimbo huuanzisha, na waliokaa wakaupokea. Maneno yametoka kwa mmoja, wimbo umebebwa na wengine.

Naanzia Ufipa kwa makusudi. Historia ya ushairi wa Kiswahili ulioingia kwenye muziki husimuliwa kana kwamba ni mali ya mwambao peke yake, na bara lilikuwa likisikiliza tu. Lakini mtu aliyeandika kanuni za mashairi zilizosomwa kuliko nyingine zote katika karne ya 20 alitoka ziwani, upande huu wetu. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924, kwenye ufuko uleule wa Tanganyika unaoshuka kusini hadi Karema na Kirando. Kitabu chake, *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, kilitoka mwaka 1954. Baadaye akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri, akafariki mwaka 1964 akiwa na miaka 40 tu. Msimamo wake mkuu ulikuwa mwepesi kuukumbuka: shairi ni wimbo, na lisiloimbika lina kasoro. Mizani huhesabiwa na vina hupangwa kwa sababu kuna koo litakaloyapokea maneno.

Nyimbo zenyewe zilifika Ufipa polepole. Wafipa wengi walikwenda kufanya kazi mbali, kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Waliokuwa manamba Tanga waliishi jirani na mji wenye ngoma, vyama vya muziki na lugha ya pwani, wakarudi nyumbani na Kiswahili ambacho shule za misheni hazikukifundisha. Baadaye ikaja redio: Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na kufikia mwaka 1965 kituo kilikuwa kimekwisha kuitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Toka studio zake hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,000, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa vumbi na matope. Sauti ilikwenda kwa urahisi kuliko lori.

Kabla ya redio kulikuwa na santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, binti wa wazazi waliopitia utumwa, alikwenda Bombay na wenzake kurekodi nyimbo za Kiswahili. Waliokuwa naye ni watu wa kutajwa: Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo, Mbaruku, Maalim Shaaban. Walikutana, wakazungumza yaliyotokea mjini, kesi ya mahakamani, dhuluma ya mwenye nguvu, na mazungumzo yakageuka kuwa beti. Santuri zilisambaa Afrika Mashariki yote. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti, na Siti alistahili. Lakini tukisema leo "wimbo wa Siti" tunawafunika watu kadhaa kwa jina moja, na hilo ndilo lililowapata watunzi wengi wa maneno tangu hapo.

Mfano ulio wazi zaidi uko Mombasa, na ni wa binamu wawili. Ahmad Nassir Juma Bhalo alizaliwa mwaka 1936, Kuze, Mji wa Kale. Mohamed Khamis Juma Bhalo alizaliwa mwaka 1942. Jina la Juma Bhalo walilibeba wote wawili, lakini mitaani ukitaja "Juma Bhalo" watu walimwona mwimbaji, yule mdogo. Mkubwa alikuwa mshairi, akijulikana pia kwa uganga wa dawa za asili. Aliandika, na binamu yake akaimba. Sehemu kubwa ya umaarufu wa mwimbaji ilisimama juu ya tungo za mshairi, na tungo za mshairi zikaingia katika nyumba ambazo kitabu kisingefika.

Tujiulize kazi hiyo hufanywaje, maana ndipo ugumu ulipo. Taarabu ya Mombasa ya wakati ule ilizipenda sana lahani za filamu za Kihindi, na Juma Bhalo alikuwa bingwa wake. Kulikuwa na kinanda cha mvukuto, tabla, na taishokoto, ala ya Kijapani ambayo Mombasa iliifanya yake. Lahani ya namna hiyo huvuta silabi mahali isipotarajiwa na kukata pumzi kabla ya mwisho wa mstari. Ubeti wa wimbo kwa desturi una mishororo mitatu, kila mmoja mizani 16, nane kwa nane, na kina katikati na mwishoni. Mshairi anayemtungia mwimbaji lazima ahesabu mara mbili: mizani ya karatasini, kisha mizani ya koo. Neno linaloisha kwa irabu inayoweza kuvutwa lina faida. Jambo likiwa zito mno kwa kina chake, hata likiwa la kweli, litamkwamisha mwimbaji mbele ya watu.

Tena kuna hadhira. Taarabu iliimbwa arusini, na watu waliokaa pale walikuwa na mambo yao. Mtu humwendea mtunzi na dukuduku lake la mapenzi au la ugomvi, na mtunzi hulifunga ndani ya fumbo ambalo mhusika atalitambua na mgeni atalisikia kama sifa za ua au za tunda. Anayetoka kwenda kumtunza mwimbaji wakati wa ubeti fulani anatoa ushahidi wake hadharani bila kufungua kinywa. Katika mazingira hayo kutotajwa kwa mtunzi kulikuwa na faida yake, kwa sababu fumbo hulindwa pia na ukimya juu ya nani kalitunga. Nakubali hivyo, lakini naona ukimya huo ulidumu kupita haja yake.

Ahmad Nassir hakupotea, kwa sababu vilikuwapo vitabu. Mwaka 1966 Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kilichapisha mashairi yake yenye mafunzo, pamoja na tafsiri ya Lyndon Harries. Mwaka 1971 ikatoka *Malenga wa Mvita*, iliyohaririwa na Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu aliyeitumikia lugha hii kwa bidii na kufa mapema, mwaka 1976. *Utenzi wa Mtu ni Utu* ulifuata mwaka 1979. Binamu yake aliendelea kuimba hadi alipostaafu mwaka 2007, akafariki Aprili 2014, na sauti yake bado inapigwa toka Mombasa hadi Uarabuni. Mtu mmoja alihifadhiwa na karatasi na mwingine na kanda, na mwanafunzi anayetaka kumwelewa mmojawapo lazima amtafute na wa pili.

Tanzania Bara nako mambo yalikwenda kwa njia yake. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, aliongoza chama cha UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi waieneze siasa ya ujamaa kwa watu, na Mnyampala akaikuza ngonjera, mashairi ya kujibizana yanayoghaniwa jukwaani. Shule za nchi nzima zikazichukua. Bendi za dansi nazo zilipeleka mashairi yao Radio Tanzania yapitiwe kabla ya kurekodi. Huko mtunzi mara nyingi alikuwa mwimbaji mwenyewe, na kazi mbili zikakaa kifuani mwa mtu mmoja. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa *Kichomi*, mashairi yasiyofuata vina, na mabishano na wafuasi wa kanuni za Amri Abedi yakawa makali.

Kwa hiyo Mrisho Mpoto alipojitokeza mwanzoni mwa karne hii, alikuta uwanja umekwisha limwa. Mpoto, mzaliwa wa Ruvuma, husimama jukwaani peku, amevaa mavazi ya asili, na haimbi. Anaghani. Maneno yake hayajafungwa kwa mizani 16. Yanakwenda kwa mwendo wa mzee anayeongea, yanapanda na kusita. Kisha mwanamuziki wa kizazi chake huingia na kiitikio: Banana Zorro katika *Sizonje*, wimbo wa mwaka 2016; Christian Bella katika *Njoo Uichukue*. Mtu wa Nkasi au wa Laela, huku Ufipa, aliyelelewa na hadithi za jioni hana haja ya kuelezwa mpangilio huo. Kwa mtazamo wangu, ndilo jibu la kwanza la kweli kwa ule ubishi wa miaka ya 1970: shairi linaweza kubaki linasemwa, na wimbo ukawa jirani yake bila mmoja kumeza mwenzake.

Lakini angalia majina. Mombasa aliyeimba alimfunika aliyetunga. Kwa Mpoto mambo yamegeuka: wimbo unaitwa wa mghani, na mwanamuziki anakuja baada ya neno "akimshirikisha". Watu walipobishana mwaka 2016 kuhusu *Sizonje* ni nani na kama maneno yale yanamlenga Rais wa wakati huo, waliyachambua mashairi mstari kwa mstari, na karibu wote walimtaja Mpoto peke yake. Kiitikio cha Banana Zorro, ambacho ndicho kilichowafanya wayakariri, kilipita bila kuzungumziwa. Watangazaji wa redio zetu za mkoani wana nafasi ya kurekebisha hilo kila wanapoupiga wimbo: wamtaje aliyetunga, aliyeghani na aliyeimba, wote, kabla ya kubonyeza.