Vitabu vya bure: pa kuvipata, na vipi unaruhusiwa kuvitoa kopi

Je, mtoto wako anahitaji kitabu na wewe huna bando? Vipo vitabu vya Kiswahili unavyoweza kusoma bila kulipa, lakini kila mchapishaji ana masharti yake. Yajue kabla hujampa mtu pesa.

Hadithi za watoto

African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi za picha kwa Kiswahili, Ng'aturkana, Lugbarati na lugha nyingine nyingi za Afrika. Ukitumia programu yake ya simu, unapakua hadithi mara moja, kisha unaisoma hata bila intaneti. Hadithi hizo zina leseni huria ya Creative Commons. Unaruhusiwa kuzitoa kopi, kuwagawia wengine, hata kuzitafsiri kwa lugha ya nyumbani kwenu, mradi majina ya mwandishi na mchoraji yabaki. Mwenye duka anaweza kukutoza karatasi na wino. Akikutoza kwa ajili ya hadithi yenyewe, kataa.

Bila intaneti kabisa

Uliza shuleni au kwenye kituo cha kompyuta kama wana Kolibri. Kompyuta moja huhifadhi masomo na vitabu, na simu zilizo karibu huvisoma kupitia Wi-Fi bila kutumia bando. Kiwix nayo huweka Wikipedia ya Kiswahili kwenye simu au memori kadi.

Vitabu vya shule

Hapa ndipo ni rahisi kupoteza pesa. Anza na mtaala. Kenya na Uganda, wanafunzi wakimbizi hufuata mtaala wa nchi iliyowapokea. Katika kambi za Tanzania, Wakongo na Warundi wamekuwa wakisoma mitaala ya nchi zao. Kitabu cha Taasisi ya Elimu Tanzania, kiwe kizuri namna gani, hakikuandikwa kwa mtihani wa Kongo. Muulize mwalimu kwanza.

Taasisi hiyo ina maktaba mtandao inayosomwa bure, lakini kusoma bure si ruhusa ya kuchapisha. Vitabu hivyo vina hakimiliki, na kutoa kopi za kitabu kizima ili uziuze kunaweza kukufikisha mahakamani.

Kama mtoto haoni vizuri

Mwambie mwalimu mapema. Mkataba wa Marrakesh wa 2013 unaruhusu taasisi zinazotambuliwa kugeuza vitabu kuwa vya nukta nundu au sauti bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki. Kenya, Uganda na Tanzania zimejiunga nao.