Mzee Ojwang hakuwa Mjaluo

Wacha niseme kitu ambacho wadogo zangu hapa Modogashe walikataa kuamini mpaka nikaapa walahi: Mzee Ojwang Hatari hakuwa Mjaluo. Jina lake lilikuwa Benson Wanjau. Mkikuyu kabisa. Ile lafudhi ya kule ziwani aliyoongea nayo kwenye Vitimbi ilikuwa ya kazi tu, anaivaa pamoja na kofia na miwani, akimaliza anaiacha hapo.

Mimi nilimkuta ameshazeeka. Hotelini kwa adeer kulikuwa na TV moja, stima ya jenereta, na KBC ndiyo ilishika vizuri. Madereva wa lori za Wajir, watu wa miraa, wazee waliotoka kuswali, wote wanamtazama Ojwang akigombana na Mama Kayai. Wazee wengine Kiswahili kiliwapita. Tunawatafsiria kwa Kisomali, halafu wanacheka wakati wengine wameshamaliza kucheka.

Na hiyo kazi ilikuwa ndefu, jamani. Alianza stesheni ikiitwa Sauti ya Kenya, kabla iwe KBC mwaka 1989. KTN ilikuja 1990, kwa hivyo kabla ya hapo ukiwasha TV Kenya unaona ya serikali, basi. Nchi nzima ilimcheka mzee mmoja.

Mwaka huohuo 1989 ndio serikali ilianza kuwapiga msasa Wakenya Wasomali, watu wakapewa kadi za rangi ya waridi kuonyesha kwamba ni Wakenya. Kwa hivyo huku kwetu lafudhi si mchezo. Ukifika kwenye kizuizi na Kiswahili chako kinanuka Kisomali, unaambiwa ushuke na kitambulisho.

Ndiyo maana nilikuwa najiuliza: Mkikuyu aliigaje Mjaluo miaka yote hiyo, kwa nchi yenye siasa kama hizi zetu, na Wajaluo wenyewe wakampenda? Hata baada ya fujo za 2007, Ojwang aliendelea kuwa Ojwang.

Jibu nililipata kwa aibu. Nilipoacha chuo nikaanza kutengeneza video, iliyotazamwa sana kuliko zote ni ile naiga Mmeru wa miraa. Siku moja mzee mmoja anayeleta miraa hapa kutoka upande wa Isiolo akaniita kwa chai. Ameiona. Nikajua leo nimepatikana. Hakukasirika hata kidogo, aliuliza tu: "Kijana, huyo mtu wako ana bibi? Ana deni? Anatafuta nini?"

Sikuwa na la kujibu. Mtu wangu alikuwa lafudhi tu, hakuna kitu ndani.

Ojwang alikuwa na bibi anayemshinda kwa maneno, tamaa ya pesa, uoga, na ujanja ambao lazima umrudie mwenyewe. Ukitoa lafudhi, kichekesho bado kipo. Na ushahidi ulikuwa pale pale hotelini: wale wazee wetu hawakuweza kutofautisha Kiswahili cha Mjaluo na cha Mkikuyu, sisi wenyewe ndio tuliwatafsiria, na bado walicheka mpaka machozi. Walikuwa wanamcheka mume aliyebanwa na mkewe. Huyo wanamjua, wengine ni wao.

Alifariki Nairobi tarehe 12 Julai 2015, akiwa na miaka 78. Kabla ya hapo macho yalimsumbua, Wakenya wakachangishana ili atibiwe. Miaka yote hiyo kwa TV, halafu mchango. Mimi ambaye nataka kula kwa kuchekesha, hiyo sehemu huwa naipita haraka.

Video ya Mmeru nimeitoa. Naandika nyingine: ana bibi Maua anayempigia simu kila saa, ana deni la maziwa ya ngamia, na anaogopa ngamia wenyewe. Nimemwomba yule mzee aikague kwanza. Amesema atapita Alhamisi akileta mzigo, na chai ni juu yangu.