Mpira wa linki na skrini zinazozimika

Leparua iko Kaunti ya Isiolo, jirani na hifadhi ya Lewa. Ni nchi ya mifugo, na ardhi yake husimamiwa na wenyeji kama hifadhi ya jamii. Shabiki wa Arsenal au Manchester United aliye huko hana njia nyingi wikendi ikifika. Ataenda mjini Isiolo alipe kiingilio kwenye kibanda cha mpira, au anunue king'amuzi na dishi kisha alipie kifurushi kila mwezi, au awashe simu atafute linki ya matangazo yaliyoibwa. Linki ndiyo rahisi. Kasoro yake ni kwamba haina adabu ya kuaga: kipindi cha pili kimepamba moto, picha inakwama, kiduara kinazunguka, na kufikia jioni kundi la WhatsApp ilikotoka linki lenyewe limefutwa.

Kuzimika kwa runinga si jambo geni kwa Wakenya, na wenye leseni nao wamewahi kutuacha gizani. Ijumaa ya Januari 30, 2009, GTV ilikata matangazo na kutangaza kwamba imefilisika. Kampuni hiyo yenye makao yake London ilikuwa imenunua haki za kuonyesha Ligi Kuu ya Uingereza katika sehemu kubwa ya Afrika, na ikawavutia waliokuwa wakiiona DStv kuwa ghali mno. Ililaumu msukosuko wa fedha uliokuwa ukiitikisa dunia. Ving'amuzi vyake vikabaki mapambo ya sebuleni.

Miezi michache baadaye, mwaka huo huo, nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kupitia baharini, na intaneti ya Kenya ikaacha kutegemea setilaiti. Matukio haya mawili hayatajwi pamoja mara nyingi, ingawa nadhani ndiyo chanzo cha hadithi nzima. Mshindani mkubwa wa DStv katika mpira wa Uingereza alikufa mwanzoni mwa mwaka, na kabla mwaka haujaisha ikapatikana njia ya kupitisha mpira usiolipiwa. Kiu ilikuwapo tayari.

Ikaja Februari 2015, wakati wa mvutano wa kuhamia mfumo wa dijitali. Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima mitambo ya analogi, Citizen, NTV, KTN na QTV zilitoweka hewani kwa siku 19. Januari 30, 2018, kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipokula kiapo cha "rais wa wananchi" Uhuru Park, serikali ilizima Citizen, NTV na KTN News. Safari hii vituo havikunyamaza: vilipeperusha matangazo yao mtandaoni, na watu wengi wakafuata habari kubwa ya siku kupitia simu. Ule ulikuwa upeperushaji halali kabisa, lakini ulizoesha macho kutazama runinga isiyohitaji antena. Isitoshe, vituo hivyo vilikuwa na mawakili, na Mahakama Kuu iliamuru virejeshwe hewani. Mwuza linki hana mahakama ya kukimbilia, na mteja wake hana hata stakabadhi.

Sasa, kwa nini linki hufa kwa ghafla vile? Jibu liko katika jinsi biashara hii inavyopangwa. Huanza na king'amuzi halali kabisa. Mtu analipia kifurushi, anakiunganisha king'amuzi na kompyuta, anavunja kinga iliyo kwenye picha, halafu anairusha hadi seva aliyokodi nchi nyingine. Hapo wauzaji wa jumla huichukua na kuwauzia wa rejareja, nao wakampa yule kijana wa WhatsApp anayekutumia nenosiri baada ya kupokea pesa kwa simu. Maelfu ya huduma zenye majina tofauti huenda zote zinanywa kisima kimoja. Kisima kikizibwa, zote hukauka saa ile ile, hata muuzaji wako naye hajui kilichotokea.

Septemba 18, 2019 ndiyo siku jambo hili lilipoonekana waziwazi. Guardia di Finanza, polisi wa fedha wa Italia, wakishirikiana na wenzao wa nchi nyingine za Ulaya kupitia Eurojust, walizima Xtream Codes. Hiyo haikuwa stesheni ya runinga. Ilikuwa programu ya kuendeshea biashara yenyewe: kusajili wateja, kuhesabu siku zao na kugawa matangazo. Wapelelezi walikadiria kwamba watoa huduma zaidi ya 5,000 waliitumia, wakiwahudumia watazamaji zaidi ya milioni 50. Skrini zilizimika nchi baada ya nchi, na watazamaji wakawa wanawasha na kuzima vifaa vyao wakidhani tatizo ni intaneti ya nyumbani.

Si lazima polisi wavunje mlango. Umewahi kuona nambari ndefu ikitokea kwenye kona ya skrini katikati ya mechi, kisha ikapotea? Hiyo huwa ni nambari ya kadi au king'amuzi. Kampuni ya runinga ikiikuta kwenye linki ya wizi, inajua mara moja ni nani anayeivujisha, na inamkata bila kutoka ofisini. Huduma nyingine huuawa na kampuni za malipo zinazokataa kupitisha fedha zake. Nyingine huuliwa na mwenye huduma mwenyewe: hukusanya ada za msimu mpya, kisha hutoroka. Hii ya mwisho ndiyo humwuma zaidi mtu wa kipato kidogo, na haitangazwi na polisi wa nchi yoyote.

Kenya ilichagua njia yake. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2019 yanamruhusu mwenye haki kuipelekea kampuni ya intaneti notisi, nayo ina saa 48 kuzuia maudhui yaliyoibwa. MultiChoice Kenya, wauzaji wa DStv, iliipeleka Safaricom na Jamii Telecommunications mahakamani kwa kutozuia tovuti zilizokuwa zikionyesha michezo bila idhini. Mwaka 2022 Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu akaamuru tovuti kadhaa zizuiwe. Kuzuia si kufunga: tovuti iliyozuiwa Kenya huenda inafunguka vizuri kwingine. Mtazamaji wa Leparua hawezi kutofautisha. Kwake, ukurasa haufunguki, bando limeliwa, basi.

Na si wote waliofungiwa walikuwa wamejificha. Aereo ya Marekani ilikuwa na ofisi, wawekezaji na mawakili. Ilimkodishia kila mteja antena ndogo na kumrushia matangazo kupitia intaneti, ikiamini sheria iko upande wake. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipinga hoja hiyo Juni 25, 2014, na siku tatu baadaye Aereo ikasimamisha huduma.

Agosti 2025 ilikuwa zamu ya Streameast, jina ambalo mashabiki wa michezo ya bure wanalijua hata Afrika Mashariki. Polisi wa Misri, wakisaidiana na muungano wa kampuni za filamu na runinga uitwao ACE, waliwakamata wanaume wawili mkoani Giza. ACE ilisema anwani 80 za mtandao zilihusika, zikiwa zimetembelewa zaidi ya mara bilioni 1.6 katika mwaka mmoja. Siku zile zile tovuti nyingine yenye jina hilo hilo iliendelea kuonyesha michezo, ikidaiwa kuwa ndiyo Streameast halisi, na kwamba waliokamatwa Misri walikuwa wameiga jina lake.