Deni la Bonga

Kiangazi cha mwaka 2019 mwanangu alikodi gari lenye hema juu ya paa, tukaondoka Arusha kwenda Dodoma bila haraka, tukilala popote patakapotupendeza. Yeye alitaka kuiona michoro ya miambani kule Kolo. Mimi nilikuwa na shughuli yangu Bonga, kusini ya mji wa Babati.

Njia hiyo ina historia ndefu ya watu kukwama. Mwezi Aprili 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini yalitoka Arusha, yakapitia Ufiome, yakawanyang'anya Wajerumani mji wa Kondoa. Masika yakawafungia njia nyuma. Chakula na dawa vikawa haba, farasi wakafa kwa mamia, askari wakala walichokipata vijijini. Vitabu nilivyosoma vinawataja farasi. Sikuona vinapotaja mahindi yale yalitoka ghala la nani. Baadaye Waingereza waliifanya njia hiyo sehemu ya barabara yao kuu ya kutoka Cape Town hadi Cairo. Kwenye ramani ilikuwa mstari mmoja mzuri. Wakati wa mvua ilikuwa tope.

Tope hilo nalijua. Aprili 1986, nikiwa na umri wa miaka kumi, lori alilokuwa akiliendesha baba lilizama hapo Bonga. Mama mmoja wa Kigorowa alitulaza nyumbani kwake siku mbili, akatulisha ugali na mbaazi. Baba alipotoa pesa, alizikataa. Baba akamwahidi kwamba akirudi atamletea sukari, maana siku zile sukari ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Hakurudi, alihamishiwa njia nyingine. Mpaka anafariki alikuwa akisema, "Nina deni Bonga."

Basi nilibeba kilo tano. Tuliuliza, tukaelekezwa kwa binti yake, ambaye sasa naye ana wajukuu. Mama mwenyewe alikuwa amekwisha tangulia. Nilimwamkia, nikaeleza habari yangu yote. Alisikiliza, kisha akacheka.

"Mwanangu, mama hakututajia deni lolote. Kila masika watu walikwama hapa. Angewahesabu wangapi?"

Akaipokea sukari, akatupikia chai. Akaongeza kwamba tangu lami ya Babati hadi Dodoma ifunguliwe mwaka 2018, hakuna tena anayelala kwao. Magari yanapita tu. Alisema hivyo bila kulalamika, kwani lami hiyo hiyo ndiyo iliyomfikisha mkwewe hospitali usiku, akajifungua salama.

Tulilala kwenye hema, uani kwake. Asubuhi alimkabidhi mwanangu mfuko wa mbaazi. Nilitaka kulipa, akaukunja mkono wangu.

Nilikuja kufuta deni, nikaondoka na jingine. Safari hii mwenye kuahidi kurudi alikuwa mwanangu.